Je, Kitu Kikifumuliwa Husafika?

Ndugu yetu mmoja, fundi seremala, ametuletea suala ambalo limekwisha zungushwa barazani mpaka limechakaa, na kila alizungumzaye huongeza lake. Kwa hivyo tumeonelea kulijibu kwa maandishi. Fundi huyu amepewa bure kinanda kikubwa cha Kizungu, yaani piano, ambayo mwenyewe haitaki tena. Nyuzi zimeingia kutu, vibao vyake vya kubonyezea vingine vimezama, na gharama ya kuitengeneza yapita thamani yake mara kadhaa. Fundi ameanza kuifumua, ameona mbao nzuri zilizokauka kwa miaka mingi, na nia yake ni kuzifanya marfaa za kusomea Kur'ani chuoni. Hapo ndipo maneno yalipozuka. Mmoja amesema, "Ubao uliokuwa ukilia nyimbo haubebi Msahafu, utie moto." Mwengine amesema, "Mbao ni mbao, huna haja ya kuuliza." Wa tatu, ambaye twaona ndiye aliyeuliza lililo zito, amesema, "Na zile pembe za ndovu zilizobandikwa juu ya vibao vyake, utazifanyaje?"

Wanazuoni wana kaida yao kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukifahamu. Basi na tukitazame kitu chenyewe. Piano ya kawaida ina vibao vya kubonyezea 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Kibao kikibonyezwa huinua nyundo ndogo ya mti iliyovikwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa, na nyundo hiyo ndiyo ipigayo uzi. Nyuzi zenyewe hupita 200, nazo ni za chuma cha pua. Zile za sauti nene huzungushiwa waya wa shaba. Zimevutwa kwa nguvu kubwa, hata ukijumlisha mvuto wa zote utafika tani 15 au 20, na kwa sababu hiyo ndani yake mna fremu nzito ya chuma kilichomiminwa katika kalibu, kwani mti peke yake haungestahimili. Nyuma ya nyuzi pana ubao mpana, mwembamba, wa mti wa jamii ya msonobari, na huo ndio ukuzao sauti. Ndani ya vibao vya kubonyezea hutiwa vipande vya risasi ili kuvipa uzani.

Twayaeleza haya kwa kuwa kuokoa vitu nako kunataka ujuzi. Asiyejua huja na koleo akazikata nyuzi zingali zimekazwa, na uzi wa pua ukikatika hali hiyo waweza kumtoa mtu jicho. Mwenye kujua huzilegeza kidogo kidogo, akipita kutoka upande mmoja hadi wa pili na kurudi tena, mpaka zote zimelala, ndipo aguse fremu. Na ile risasi ni sumu. Isipewe watoto kuchezea, wala isiyeyushwe jikoni ili kufanywa vizito vya mishipi.

Tena piano kama hizi si haba duniani. Yapata mwaka 1909 Marekani peke yake ilikuwa ikitengeneza zaidi ya 300,000 kwa mwaka, kwani kila nyumba yenye nafasi kidogo ilitaka kuwa nayo sebuleni. Kisha ikaja santuri, ikaja redio, baadaye vikaja vinanda vya umeme vinavyobebwa kwapani. Leo katika miji ya Uingereza na Marekani mtu mwenye piano kuukuu hulipa watu wamwondolee, na nyingi huishia jaani. Wako mafundi huko wazifumuao wakafanya meza na rafu za vitabu, wakauza chuma na shaba kwa uzani. Kazi yao ni sawa na ya fundi wetu, ila hapana aliyewauliza juu ya Msahafu.

Sasa tumjibu yule wa kwanza, mwenye moto wake. Kila aliyesoma Minhaji ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amepita katika mlango wa ghasbu, yaani mali iliyotwaliwa pasi na haki. Humo Imam ameeleza habari za mtu aliyeondoa ala za upuuzi: hapana malipo juu yake kwa kuziharibia kazi yake, lakini kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba asizivunjevunje, bali azifumue zirudi kama zilivyokuwa kabla ya kuunganishwa. Na wenye kuisherehesha Minhaji wameongeza kuwa akizichoma moto ilhali aliweza kuzifumua, hulipa thamani ya vile vipande.

Hatutaki kuingia leo katika khitilafu ya wanazuoni juu ya ala zenyewe. Hilo lina mahala pake. Twataka msomaji aangalie jambo moja tu. Hawa ni watu wakali juu ya ala, wala hawazioni kuwa ni kitu chenye hishima. Juu ya hivyo, mbao zake, ngozi zake na misumari yake wamevihifadhi, wakamdai thamani yake yule aliyevichoma kwa hamaki. Kwa nini? Kwa sababu wameona kosa, kwa anayesema lipo, li katika mpango wa zile mbao. Mpango ukivunjwa kosa limekwenda zake, na kilichobaki ni mti alioumba Mwenyezi Mungu, nao hauna hatia. Mwenye kuutia moto kwa ajili ya nyimbo ameuadhibu mti kwa kosa la mtu. Na makatazo ya kufuja mali yaliyomo katika Sura ya Bani Israili si ya fedha tu. Ubao uliokauka miaka mia, ulionyooka, usioliwa na mchwa, ni mali. Hasa katika zama hizi ambazo fundi hununua mbao mbichi kwa bei ya juu na mlango ukapinda kabla ya mvua ya pili.

Huyu wa pili naye, aliyesema mbao ni mbao na hapana haja ya kuuliza, ameharakisha. Viungo vya piano za zamani vimeshikwa kwa gundi iliyopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Ndiyo sababu hulegea kwa maji ya moto au mvuke, na fundi akaweza kutenganisha mbao bila ya kuzipasua. Lakini mnyama huyo alichinjwa na nani, na kwa namna gani? Katika madhehebu yetu ya Shafii ngozi ya mzoga isiyotiwa dabaghi ni najisi, na mfupa wake kadhalika. Basi ubao utakaowekewa Msahafu na uparwe mpaka ile gundi iishe, kisha uoshwe. Watu wa barazani wamegombana juu ya nyimbo zisizoshika katika mti, wakasahau gundi iliyoshika. Ubao ukisha parwa na kuoshwa, marfaa hizo hatuoni ubaya wowote kuzifanya, na fundi huyu twamwombea thawabu.

Vile vibao vyeusi, ikiwa ni mpingo wa kweli wala si mti uliotiwa rangi, navyo avitunze. Mpingo hukua polepole mno. Hupita miaka 70 na zaidi kabla haujafaa kukatwa, na misitu yake iliyo mashuhuri ni ya kusini mwa Tanzania, upande wa Kilwa. Zumari za Kizungu hutengenezwa kwa mti huu, na katika kila gogo likatwalo sehemu kubwa hutupwa kwa sababu ya nyufa na mafundo. Kipande cha mpingo kilichokwisha pita kazi hiyo ni haramu kukichoma? Hatusemi haramu, twasema ni upungufu wa akili. Vibao hivyo ni vyembamba, lakini vyatosha kufanya tasbihi.

Linalobaki ni suala la mtu wa tatu, na hapa njia yabadilika.

Kabla ya kuja plastiki, vibao vyeupe vya piano nzuri vilivikwa ngozi nyembamba ya pembe ya ndovu, unene wake kama milimita moja. Pembe zilizopendwa kwa kazi hiyo zilikuwa za Afrika ya Mashariki, kwa kuwa ni laini, nyeupe, na hazipasuki upesi. Basi na tufuate njia yake. Ndovu aliuliwa Manyema au Itabwa au kwengineko bara. Pembe ikaja Ujiji, ikaja Tabora, ikateremka Bagamoyo, ikavuka hadi Unguja, na nyengine zikapitia Mombasa. Ikapimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35, ikatiwa merikebuni. Katika jimbo la Connecticut la Marekani kulikuwa na vijiji viwili jirani, Deep River na Ivoryton, na jina la hicho cha pili maana yake ni mji wa pembe. Huko pembe zilikatwa kwa misumeno ikawa kama karatasi nene, zikaanikwa juani wiki kadhaa katika nyumba za vioo ili ziwe nyeupe, kisha zikabandikwa. Kazi hiyo iliendelea huko mpaka katikati ya karne ya ishirini.

Si kila pembe ilibebwa na mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, wakijua bei yao na kuigombea. Lakini nyingi zilibebwa na watu waliofungwa, na nyingi zilipatikana kwa kuvamia vijiji. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, ameyasimulia kwa ulimi wake mwenyewe katika habari za maisha yake: namna alivyopigana na Nsama wa Itabwa akamshinda, akateka pembe nyingi mno. Hakuona haja ya kuficha. Na kule upande wa pili wa bahari, katika wenye viwanda vya pembe vya Deep River, alikuwamo George Read, mtu aliyeupinga utumwa wa kwao, hata akampa hifadhi mtumwa aliyetoroka kusini mwa Marekani. Mtu huyu twadhani alikuwa mkweli katika wema wake. Ilhali kiwanda chake kilikula pembe za kwetu, na mabega yaliyozibeba hakuyaona.

Wala mtu asiseme kuwa hayo ni habari ya Wazungu. Fedha za misafara zilikopeshwa na matajiri wa Kihindi wa Unguja, na waongozaji wa misafara walikuwa Waarabu na Waswahili wa pwani hii, wenye kusali na kufunga. Nyumba ya Tippu Tip hata leo i Mji Mkongwe wa Unguja. Sisi twapenda kusimulia hishima ya mji, kanzu na majoho. Mapato yaliyonunua majoho hayo twayapita kimya.

Turudi katika mlango ule ule wa ghasbu. Imam Nawawi ametaja humo suala jengine ambalo twaona ni ndugu wa lile la ala, ingawa wasomaji wengi hulipita. Mtu ameghusubu ubao, akaujenga ndani ya nyumba yake. Nini hukumu yake? Ubao utolewe, urudishwe kwa mwenyewe. Na akiutia katika jahazi, hukumu ni hiyo hiyo, ila ikihofiwa kuangamia roho za watu au mali yenye kuhishimiwa, hapo hungojewa. Tazama basi yalivyo kinyume masuala haya mawili. Katika ala, mpango ndio mbaya na mbao ni safi, kwa hivyo kufumua kwatosha. Katika ubao ulioghusubiwa, nyumba ni nzuri na jahazi ni zuri, hapana ubaya wowote wa mpango. Ubaya umo ndani ya ubao wenyewe, kwa njia ulivyopatikana, nao hauondoki kwa kuunganishwa wala kwa kufumuliwa. Mbao za piano zimo katika fungu la kwanza. Pembe zake, zile zilizotekwa, zimo katika la pili.

Mtu atasema: ubao una mwenyewe wa kurudishiwa, pembe hizi tumrudishie nani? Waliovamiwa wamekufa, waliobeba wamekufa, wala majina yao hayakuandikwa. Imam Ghazali, katika kitabu cha halali na haramu kilicho ndani ya Ihya, amelizungumza jambo la mali ambayo mwenyewe hajulikani tena. Ametaja kuwa Fudhail bin Iyadh alipata dirhamu mbili, akajua kuwa si za njia njema, akazitupa baina ya mawe. Ghazali hakumfuata. Amesema kuzitoa katika kheri ni bora kuliko kuzipoteza, kwani mwenyewe hafaidiki na kutupwa kwake wala maskini hafaidiki. Kwa kauli hii kidogo zingefaa pembe hizi ziuzwe, thamani yake ipewe mayatima.

Lakini hapa pana kizuizi, nacho kimo katika hadithi ya Abu Talha. Alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mayatima waliorithi mvinyo, kama aufanye siki. Akakatazwa, akaamrishwa aumwage. Mali ya mayatima, nayo yaweza kugeuzwa kitu halali cha mezani, na bado ikamwagwa! Kwa nini mbao za ala ziokolewe na mvinyo umwagwe? Wanazuoni wameyasema mengi. Sisi twaona moja katika sababu ni kuwa wakati ule mvinyo ulikuwa umeharimishwa karibuni, na tamaa yake ingali hai katika vifua vya watu. Aliyeuweka ili augeuze amekaa nao nyumba moja. Mbao za udi uliofumuliwa hazimwiti mtu.

Na pembe ya ndovu, je, yafanana na ubao au na mvinyo? Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kuikataza biashara yake kati ya nchi na nchi, baada ya majangili kuwamaliza ndovu kwa maelfu, Kenya ikiwa mojawapo. Mwaka huo huo Serikali ya Kenya ilichoma tani 12 za pembe, na Aprili 2016 ikachoma tani 105 katika mbuga ya Nairobi. Wengi walisema huo ni ufujaji, na sisi tuliotaja hukumu ya kuchoma ala twapasa kuliangalia neno lao. Twaona si ufujaji. Kila pembe iuzwayo, iwe ya jana au ya miaka mia, humfundisha mnunuzi kuitaka pembe, wala yeye hana namna ya kuijua ya babu na ya jangili. Tamaa ingali hai. Ni mvinyo.

Kwa hivyo kufumua, kulikozisafisha mbao, kwaiamsha pembe. Ilipokuwa imebandikwa katika piano ilikuwa imelala. Hapana aliyemwua ndovu kwa kuitazama. Ikibanduliwa ikafanywa bangili, imerudi sokoni. Waingereza wametunga sheria juu ya jambo hili mwaka 2018, ikaanza kutumika Juni 2022. Wamekataza biashara ya pembe, wakaacha ala za muziki zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1975 ambazo pembe yake haifiki sehemu moja katika tano, nazo ziandikishwe. Mtu aweza kuwalaumu Waingereza kwa mengi, lakini hapa wameona kuwa pembe iliyo sehemu ya ala kuukuu si sawa na pembe ya biashara.

Khabari ya tahara ya pembe twaitaja kwa ufupi, kwani lazima wataiuliza. Kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu yetu ni kuwa ni najisi, ingawa kukitumia kitana cha pembe katika hali ya ukavu hakukuharimishwa. Wengine wameona ni tahiri, na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Zuhri kuwa aliwakuta wanazuoni waliotangulia wakichania vitana vya pembe wasione ubaya. Mwenye kufuata hawa ana haki. Lakini kuwa kitu ni tahiri hakujibu suala la kilipatikanaje, na watu wetu huchanganya haya mawili kila siku, si katika pembe tu.

Na fundi azifanyeje? Asizibandue kuziuza, wala asimpe sonara. Kwanza ajue kama ni pembe kweli: katika piano za zamani kila kibao cheupe kimevikwa vipande viwili, cha mbele kipana na cha nyuma chembamba, na mahala vinapokutana huonekana mstari; ukikiinamisha mwangani utaona mishipa yake myembamba, ambayo plastiki haina. Akisha yakinisha, sheria ya Kenya ya wanyama pori ya mwaka 2013 hairuhusu kukaa na pembe bila ya kibali, kwa hivyo na awaendee wakubwa wa wanyama pori awaeleze kabla hajaelezewa na mwengine. Sisi tungependa wakubwa hao wavipeleke vibao hivyo, vikiwa vizima na safu yake kama vilivyo, mahala pa kuonyeshwa watu. Katika makumbusho ya Lamu imewekwa siwa ya Pate, iliyochongwa kwa pembe, na hapana mwenye akili atakayesema ifumuliwe kwa kuwa haipigwi kila siku. Siwa ile yaonyesha enzi yetu. Safu ya vibao 52 ikiwekwa karibu nayo, na kikaratasi kilichoandikwa pembe ilitoka wapi, ikapitia bandari gani, na nani aliongoza msafara, watoto wa chuo wataisoma wakipelekwa huko na waalimu wao. Na hicho kikaratasi kiandikwe kwa Kiswahili.